Marehemu Ashika Maiki

Mlango wa nyuma ulifunguliwa, na aliyeingia alikuwa Mumo.

Ndiyo, msomaji, Mumo yule yule. Najua ulinilaani wiki nzima kwa kukuacha umeshika kitasa cha mlango, na sina la kujitetea. Sasa ingia uone. Ukumbi wa kanisa pale Donholm umejaa wafanyakazi wa kiwanda cha biskuti, wote wamesimama, vichwa chini, kimya kabisa kwa heshima ya marehemu. Picha ya marehemu iko mbele, imezungushiwa maua ya plastiki. Marehemu mwenyewe yuko nyuma, amevaa ndala, ameegemea ukuta akitafuta pumzi.

"Kwani ni nani amekufa?" akauliza.

Ndunge, dada yake mkubwa, alianza kujipenyeza kuelekea nyuma.

Kama ulikuwa safarini, nakupasha haraka kisha tukimbie. Mumo ni msichana mwenye vali mbovu ya moyo. Hawezi kulala chali. Akilala hivyo mapafu yanajaa maji na pumzi inakatika, kwa hiyo hulala ameketi, ameegemezwa mito. Kwa miaka kadhaa shirika la Afya Mtaani la Mowlem limemnunulia vidonge kwa pesa ambazo wafanyakazi wa kiwanda hukatwa kwenye mshahara. Upasuaji je? Hapo waligoma. Gichuru, mwenyekiti wa chama chao cha kufaana, alitamka bila kupepesa jicho kwamba chama kinazika, hakipasui.

Basi asubuhi moja, baada ya kuhangaika siku nyingi bila lepe la usingizi, Mumo akasinzia. Ndunge alifurahi hadi akalia. Akachukua simu akaandika kwenye kikundi cha WhatsApp cha shirika na wafadhili wake: "Mumo amepumzika."

Alimaanisha amelala, jamani! Lakini niambie ni nani mtaani humu anayesoma neno hilo akafikiria usingizi. Kabla chai haijachemka simu ilijaa pole, mishumaa na picha za njiwa. Kabla haijanyweka, michango ilianza kumiminika. Watu walewale waliomnyima mgonjwa sasa walimmwagia maiti, kila mmoja akitaka jina lake lionekane. Ndunge alipotaka kusahihisha, Teresiah, mkurugenzi wa shirika, alimdaka mkono.

"Usiguse hiyo simu. Jumatatu tunalipa hospitali, Mumo anapasuliwa. Ya kusema tutayatafuta baadaye."

Leo ni Jumamosi, Siku ya Shukrani, siku ambayo shirika huwapanga wagonjwa mstari ili wawashukuru wafadhili. Ndunge alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya mpaka watu waondoke. Mumo naye aliachwa nyumbani bila kuambiwa lolote.

Lakini Mumo alikuwa amekuja.

"Nauliza mara ya pili," alisema, akihema. "Mama mboga ameniona akatupa kisu akakimbia. Watoto wa ploti wananiita jini. Na hiyo picha yangu pale mbele ni ya nini?"

Vichwa viligeuka. Mwanamke mmoja wa idara ya kupakia akapiga yowe na kumwangukia jirani yake.

"Manze, ni yeye!" kijana mmoja akapaza sauti. "Wasee, ni Mumo!"

Teresiah alikuwa jukwaani na maiki mkononi. Mama huyu amewaomba watu pesa karibu maisha yake yote, na kazi hiyo humfundisha mtu kutabasamu kabla hajajua atasema nini.

"Tulieni, wapendwa! Tulieni! Huyu si Mumo. Ni pacha wake!"

Ukumbi mzima ukashusha pumzi.

"Anaitwa Syombua," Teresiah akaendelea, na sauti yake ikaanza kulia bila macho kutoa chozi. "Amefika sasa hivi kutoka kwao Mwingi. Maskini, hata hajaambiwa! Si mmesikia akiuliza ni nani amekufa?"

Aliyepiga yowe sasa alikuwa akilia kwa huruma. "Wuui, wanafanana hadi kuhema!"

Ndunge alishamfikia Mumo. Alimkumbatia kwa nguvu, mdomo ukamgusa sikio.

"Nyamaza. Wewe ni Syombua. Mumo amekufa."

"Amekufa lini?"

"Jumanne."

"Na mbona sikuambiwa?"

"Mumo, tafadhali. Hawa wamechanga wakidhani ni matanga. Wakijua uko hai, pesa zinarudi, na Jumatatu hakuna upasuaji. Unanisikia? Ni Jumatatu tu imebaki."

Mumo alimtazama dada yake, kisha akawatazama wafadhili. Aliwajua vizuri. Kila mwaka alisimama mbele yao akashukuru kwa vidonge, na mwaka jana Gichuru alimrudisha kwenye mstari aanze upya kwa sababu waliokaa nyuma hawakusikia akilia. Ndunge alilikumbuka jambo hilo, akamwachia taratibu.

Ghafla Mumo akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mumo wangu! Umeniacha na nani, Mumo? Ni nani ataninywea uji ukipoa?"

Alijililia kwa sauti iliyotikisa madirisha. Wanawake wakashikana. Wanaume wakaanza kukagua viatu vyao. Hata Ndunge alilia, na hakujua tena kama analia kwa uongo au kwa kweli, maana kilio kile alikuwa amekifanyia mazoezi kimoyomoyo kwa miaka mingi.

Gichuru alijifuta uso kwa leso. Ni mtu mnene, mwenye kofia ya kaki asiyoivua ovyo, na alionekana kuguswa.

"Apewe maiki," akaamuru. "Tumefanya jambo kubwa. Si vibaya tusikie shukrani kutoka kwa familia."

Teresiah alisita, lakini ni nani humkatalia mfadhili? Marehemu akapanda jukwaani, akashika maiki, akasimama kando ya picha yake mwenyewe.

"Nawashukuru," Mumo alisema. Alipumzika kidogo, akavuta hewa. "Dada yangu alipokuwa anaumwa, mlimpa vidonge. Alipoomba atengenezewe moyo, mlisema chama kinazika. Sasa amekufa, na mmemwonyesha mapenzi ambayo hakuwahi kuyaona akiwa na macho. Angejua mnampenda hivi, angekufa mapema."

Ndunge alifumba macho. Tumekwisha, akawaza.

Walipiga makofi, msomaji. Naapa walipiga makofi. Wengine walisimama, na Gichuru akatikisa kichwa kwa kuridhika akisema mtoto huyu amelelewa.

Nusura mambo yaishie hapo. Teresiah alishaanza kutangaza sala ya kufunga, na Ndunge alikuwa akimshusha Mumo taratibu jukwaani, Gichuru alipoinua mkono.

"Bado! Na sisi tuna la kuwashtua nalo. Leteni!"

Milango ya mbele ikafunguliwa kwa pamoja. Vijana wa kiwanda wakaingia wamebeba jeneza mabegani. Lilikuwa zuri hadi likauma macho: mti mwekundu uliosuguliwa ukang'aa, na mfuniko umechongwa maua kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nyuma ya jeneza alitembea Wathome.

Ndunge alitamani sakafu immeze. Wathome ni fundi wa kuchonga, na ndiye mchumba wa Mumo; mbuzi wa kwanza wa mahari alishawafikisha kwao. Kwa siku zote hizi Ndunge hakumwambia ukweli, kwa sababu Teresiah alisema fundi ana mdomo mwepesi. Walimwacha aombolezee mtu aliye hai. Na yeye, alipoombwa na chama atengeneze jeneza, alikataa malipo.

"Basi liko nje," Gichuru akasema kwa fahari. "Hatutaki familia ihangaike. Leo leo tunaenda mochari, tunachukua mwili, tunashuka nao Mwingi sisi wote."

Tabasamu la Teresiah lilikauka. "Leo? Lakini mwenyekiti, tulikubaliana..."

"Shukrani mtatoa huko huko kaburini, mama."

Wathome alikuwa ameshafika mbele. Aliinua macho mekundu, akamwona Mumo.

Kwanza uso wake ulifunguka kwa furaha ambayo Ndunge hatawahi kuisahau. Midomo ilitaka kuita jina. Kisha akaona picha, akaona maua ya plastiki, akamwona Ndunge akimtikisia kichwa kwa kuomba. Furaha ikazimika, na kilichokuja mahali pake kilitisha.

"Huyu ni nani?" akauliza polepole.

"Ni Syombua, pacha wa marehemu," Teresiah akadakia.

"Sikujua Mumo ana pacha."

"Hata mimi sikujua," Mumo akanong'ona.

Fundi akawageukia watu. "Nina shida moja. Jeneza hili nilipima kwa kukumbuka tu. Mochari sijaenda, familia ilikataa nisimwone. Naogopa lisije likawa fupi. Lakini Mungu ametuletea pacha, na kimo chao ni kimoja. Alale humu kidogo nione."

"Ngai!" Teresiah akaruka. "Mtu mzima alale kwa jeneza? Hiyo ni laana!"

"Fundi anasema ukweli," Gichuru akasema. "Tufike mochari, miguu ikatae kuingia, tutafanya nini? Tumkunje?"

Watu wakaguna kukubali. Ndunge alijisogeza mbele, lakini Teresiah alimbana kiwiko akamnong'oneza neno moja tu: Jumatatu.

Mumo alimkaribia mchumba wake akamnong'oneza. "Wathome, nisamehe. Nimejua sasa hivi, kama wewe. Sikuwemo kwa hii maneno."

"Lala."

"Unajua siwezi kulala chali."

"Mimi nimelia juu ya hizi mbao mpaka zikalowa," Wathome alisema, na sauti ilikuwa ya chini, baridi. "Nilidhani nakutengenezea kitanda cha mwisho. Kumbe mko nyumbani mnakunywa chai. Lala, hata kidogo, nione kazi yangu ikimkaa mtu."

Mumo angeweza kukataa. Lakini alipomwangalia Ndunge, alikuta dada yake anatazama sakafu. Sitamtetea Ndunge hapo. Alikuwa akipiga hesabu ya Jumatatu, na kwenye hesabu hiyo alidhani kulala kidogo hakungeua mtu.

Mumo akavua ndala, akaingia, akalala.

Lilimtosha sawasawa. "Eh! Fundi ni fundi," mtu akasema, na wengine wakacheka kwa woga.

Mumo hakucheka. Kifua kilipanda, kikakwama, kikapanda tena. Midomo ilianza kugeuka rangi. Alijaribu kushika ukingo wa jeneza ajivute, na vidole vikateleza kwenye mbao zilizosuguliwa vizuri mno. Povu jepesi likatokea pembeni mwa mdomo.

Ndunge akaacha hesabu.

"Mwinueni! Mwinueni, anakufa! Huyu si pacha! Ni Mumo! Ni Mumo mwenyewe, hajawahi kufa!"

Wathome alikuwa wa kwanza kupiga magoti. Hasira yote ilimtoka mara moja. Alimnyanyua Mumo akamketisha ndani ya jeneza, akamwegemeza kifuani mwake akiita jina lake kama mtu aliyerukwa na akili.

Ukumbi ukalipuka.

"Pesa zetu zirudi!"

"Tumelizwa na mtu mzima!"

"Nilikopa nikachanga! Nilikopa!"

Teresiah akachukua maiki. Ndunge alidhani ataomba msamaha, na kwa sekunde moja alimwonea huruma.

"Wapendwa wafadhili," Teresiah akasema, mkono kifuani, "shirika letu limedanganywa na familia hii, kama nyinyi tu. Kila kitu kitarudishwa kwenu leo. Ndunge, Mungu akusamehe."

Akaweka maiki chini, akachukua mkoba wake, akapitia mlango wa nyuma bila kugeuka.

Ndunge hakuwa na muda wa kumchukia. Alipiga simu kutafuta teksi; ikakubali, kisha ikaghairi safari. Pikipiki ya boda hubeba mtu anayeweza kujishika, na Mumo hakuweza kushika hata kidole cha Wathome. Akamkimbilia Gichuru, akampigia magoti mbele ya watu.

"Mwenyekiti, basi liko nje. Hospitali si mbali. Tafadhali."

Gichuru alionyesha jeneza kwa kidevu.

"Basi limekodiwa la mazishi," akasema. "Halibebi wagonjwa."

"Atakufa!"

"Si ulishatuambia amekufa? Sikiza, dada. Mimi nilimzika mke wangu kwa pesa za hawa watu. Nilikuwa sina kitu, wakamvalisha, wakambeba, wakamlilia. Hicho ndicho kitu pekee tunacho sisi maskini wa kiwanda. Na nyinyi mmekichezea."

"Gichuru, huo ni unyama," mama mmoja akasema. Lakini aliyasema akiwa ameketi, na kijana kando yake alikuwa akirekodi kwa simu.

Muasya, dereva wa basi, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza yote. Ni mzee mtulivu. Alikuna shavu, akasema bila kumwangalia yeyote:

"Mimi ni mwajiriwa tu. Nikiambiwa nisibebe mgonjwa, sibebi. Nikifutwa nitakula wapi? Lakini niliambiwa nibebe jeneza. Jeneza likiingia kwa gari, mimi siulizi kuna nini ndani."

Watu wote wakamgeukia Gichuru. Alijua amepigwa chenga, na hakupenda.

"Sawa," akasema. "Jeneza liingie. Lakini lifungwe skrubu, na mimi nipande nione. Mlitaka maiti, basi bebeni maiti."

"Hawezi kulala chali! Nimekwambia hawezi!"

"Basi si maiti. Shusheni."

Mumo alifungua macho. Hakuwa na sauti, kwa hiyo alimvuta Wathome kola, naye akainamisha sikio. Fundi aliposimama, machozi yalikuwa yakimdondoka hadi kidevuni.

"Anasema tufunge. Anasema ni karibu. Atakuwa akigonga, ili tujue yupo."

Ndunge aling'oa ukutani bango la shukrani lenye majina ya wafadhili wote, akalikunja, akaliweka chini ya mabega ya dada yake. Halikusaidia sana, mfuniko ulimsukuma Mumo chini tena. Wathome alikaza skrubu kwa mikono yake mwenyewe, na kila skrubu ilipozunguka alisema nisamehe.

Vijana wakabeba. Mtu mmoja, kwa mazoea tu, akaanza wimbo wa maziko, na kabla hujajua wote walikuwa wakiimba. Wakatoka wakiimba, wakapanda wakiimba. Hawakujua jambo jingine la kufanya mbele ya jeneza.

Ndunge aliketi sakafuni mwa basi, karibu na mlango wa nyuma ulioachwa wazi, sikio kwenye mbao.

Ko.

"Yupo!" akalia. "Mzee, kanyaga!"

Muasya alikanyaga, lakini barabara ya Outer Ring ilikuwa imejaa magari yasiyosogea. Akapiga honi, akapanda ukingo, akashuka. Gichuru alikuwa mbele amekunja mikono. Waombolezaji walikuwa wameacha kuimba na kila mmoja alikuwa akisikiliza.

Ko.

Hiyo ilikuwa ndogo zaidi. Ndunge akagonga kumjibu. Akangoja. Akagonga tena.

Hakuna kitu.

"Mumo? Mumo, gonga! Wathome, fungua! Fungua sasa hivi!"

Wathome alijipapasa mfuko wa kwanza, wa pili, wa shati. Akatazama juu, uso umekuwa majivu.

"Bisibisi... nimeiacha ukumbini."

Aliingiza kucha kwenye mwanya wa mfuniko akavuta mpaka zikatoa damu. Lakini kazi yake ilikuwa nzuri, na mbao hazikuachia.

Mbele, njia ikafunguka. Muasya akafika mzunguko wa barabara, akapunguza mwendo. Akageuka nyuma.

"Dada, nimefika. Hospitali ni kushoto. Mochari ni moja kwa moja. Niende wapi?"

Ndunge alikuwa bado akigonga mbao. Gichuru ndiye aliyesimama. Alilitazama jeneza lililonyamaza, akavua ile kofia yake ya kaki, akaishika kifuani kama mtu afanyavyo mbele ya maiti.

"Moja kwa moja," akasema.

Muasya akanyoosha usukani.

Ndunge hakungoja kujua kama dada yake bado ana uhai. Aliruka juu ya magoti ya watu, akampiga Gichuru kikumbo, akaudaka usukani kwa mikono miwili akauvuta kushoto kwa nguvu zake zote. Basi zima likapiga yowe, na nyuma yao jeneza likaanza kuteleza kuelekea mlango uliokuwa wazi.